Sauti Ndani ya Mtungi

Bibi Mageni alikiri Jumatatu asubuhi, kabla hajaulizwa swali lolote.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi cha machimbo ya Nyamtondo, kitenge kimelowa pindo, mikono kaiweka mapajani. Inspekta Msaidizi Justa Jilala alikuwa bado anatafuta ukurasa mkavu kwenye daftari lake. Alimwamkia shikamoo, bikizee akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akasema, "Andika kwamba ni mimi. Sauti ni yake, nyumba ni yangu. Kama si mimi niliyemchukua, basi ni nani?"

Justa hakuandika.

Wiki nzima ilikuwa imepita tangu Abel apotee. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, mchimbaji, mpangaji wa Bibi Mageni, mtaratibu kwa maelezo ya kila aliyeulizwa. Marselino, mwenye duara, shimo ambamo Abel alikuwa akichimba, alishatoa maelezo yake tangu Ijumaa. Alisema kijana aliacha kazi Jumatatu ile saa sita mchana, akaondoka na mfuko wake begani, na yeye Marselino aliuona mfuko kwa macho yake. Duara lenyewe liliporomoka saa moja usiku wa siku hiyo kwa hizi mvua za El Nino, likiwa tupu. Hakuna aliyeumia. Kwa hiyo hakuna aliyefukua.

Maelezo hayo yangetosha kufunga jalada, isipokuwa Jumatatu hiyo hiyo saa kumi na mbili jioni majirani walimsikia Abel akizungumza ndani ya nyumba ya Mageni. Bikizee alikuwa ndiyo kwanza anatoka shamba, jembe likiwa bado begani. Chumbani mwa Abel hamkuwa na mtu. Jumanne, saa ile ile, sauti ikasema tena. Jumatano tena. Maneno hayakubadilika hata moja, yakianza na mayu, mama kwa Kisukuma: "Mayu, mimi hapa, Abel. Usilale bado. Fanya lile uliloambiwa. Mimi nakungoja."

Hapo tena nani angetafuta maelezo mengine? Mtu haonekani na sauti yake inasikika ndani ya nyumba ya kikongwe aliyebaki peke yake. Huyo ni msukule. Amefichwa, anatumikishwa.

Mama yake Abel, Asteria, aliruhusiwa kutoka wodi ya kifua kikuu huko Shinyanga Jumatano, akaketi kwenye ngazi za hospitali na kifurushi chake mpaka jua likazama. Mwanawe aliyeahidi kuja kumchukua hakutokea. Alhamisi aliripoti polisi, na jalada likaangukia mezani kwa Justa. Ijumaa Asteria alifika machimboni kwa lori la mahindi, akaisikia sauti kwa masikio yake, akapeleka shauri kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Tangu siku hiyo kila alasiri alikuwa akipika ugali na mlenda kwa jirani, akaviweka kizingitini mwa Mageni. Watu husema misukule hulishwa pumba. Hakutaka mwanawe ale pumba.

Jumapili jioni Justa na Konstebo Gregory, dereva wake, walikaa ndani ya chumba kile na kungoja. Saa kumi na mbili ilipofika, sauti ilitoka pembeni, chini, nzito, kama ya mtu aliye kisimani. Gregory alikuwa na miaka sita kazini. Alitoka nje kwanza, ndipo akarudi.

Pembeni palikuwa na mtungi mkubwa mtupu, uliopasuka mdomo. Ndani ya mtungi palikuwa na kitu cha rangi nyeusi, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kinachokunjuka katikati kama kitabu. Justa alimulika kwa tochi na kuandika alivyokikuta kabla hajakigusa: kimefunguka, uso juu. Upande mmoja kioo cheusi, upande wa pili vibonyezo. Matundu saba madogo ndani, karibu na bawaba. Ubavuni kigurudumu chembamba chenye namba, kimesimama kwenye tano. Chini, kibandiko cha duka la Hozefa, Shinyanga. Gregory alinyoosha dole gumba kukizungusha kile kigurudumu, Justa akamshika mkono.

Alimwonyesha Maganga, mtemi wa sungusungu. Mzee alikitazama kwa mbali, mikono nyuma.

"Wachawi nao wanakwenda na wakati, afande," akasema.

Hakuwa mtu wa fujo. Alieleza kwa upole kwamba angeweza kuwazuia watu wake hadi Jumatano jua likizama, baada ya hapo asiulizwe. Barabarani walishalaza magogo mawili. Landrova ya polisi ingepita. Ikiwa na bikizee ndani, isingepita.

Ndiyo maana Jumatatu hiyo, baada ya Mageni kukiri kosa ambalo halimo katika sheria yoyote aliyosomea Justa, mahojiano yalikuwa mafupi. Kile kidude hakuwahi kukiona. Jumatatu ya tukio alikuwa akipalilia tangu asubuhi hadi jioni, na aliporudi chumba cha Abel kilikuwa kitupu, nguo, blanketi, vyote. Ndani ya nyumba yake hapakuwahi kuwa na redio wala mashine. Aliyajibu yote hayo kama mtu anayesumbuliwa na mambo ya pembeni. Kilichomkera ni kwamba inspekta haandiki.

"Bibi, umekiri kitu ambacho hukukifanya."

"Mjukuu wangu, wewe hujui mtu anafanya nini akiwa usingizini."

* * *

Duka la Hozefa lilikuwa mtaa wa pili kutoka soko, na Jumanne asubuhi binti yake, Khairunisa, alikuwa peke yake kaunta, kati ya saa za ukutani na pasi za umeme. Justa alikiweka kidude juu ya kioo cha kaunta. Binti alikigeuza, akaona tone dogo jekundu ubavuni, akatabasamu.

"Hiki cha yule kaka wa mama yake. Hii rangi ni ya kucha zangu."

Alieleza vizuri, kama mwalimu. Ilikuwa diari ya elektroniki kutoka Dubai, yenye kuhifadhi namba, tarehe, na sauti ya mtu kwa sekunde ishirini. Unarekodi, unachagua saa, na kila siku saa hiyo ikifika inakusemesha, hata ukiwa umeizima. Abel aliinunua Jumanne, siku sita kabla ya kupotea. Mama yake angetoka wodini na vidonge vya kumeza kila jioni kwa miezi sita, na saa hajui kusoma. Alirekodi mara saba. Mara ya kwanza alimwomba Khairunisa asogee mbali, mara ya saba akamwomba arudi asikilize. Neno dawa hakulitaka, maana majirani wangesikia na kujua ugonjwa. Kwa hiyo akasema lile uliloambiwa.

"Majirani wangesikiaje?" Justa aliuliza.

Khairunisa alikunjua kidude. "Spika iko huku ndani, kwenye bawaba. Ukikifunga, umeiziba. Itasema, lakini mpaka uweke sikio juu yake. Ukikiacha wazi na hiki kigurudumu kikiwa kwenye tano, mtaa mzima umesikia. Kwenye sifuri haisikiki kabisa."

"Kigurudumu ndicho kinachowasha?"

"Hapana, dada, na hapo ndipo wateja wangu wote wanapokwama." Cha kuwasha kilikuwa kibonyezo chekundu cha ndani. Kigurudumu kazi yake ni kupandisha na kushusha sauti tu. Lakini watu wamezoea redio za betri, ambazo kigurudumu cha sauti ndicho swichi: unasukuma, kinalia tik, redio inaongea. "Kila wiki wananirudishia viwili vitatu. Wamezungusha mpaka mwisho, wamengoja tik, hawakuipata. Wanasema Muhindi kaniuzia kopo."

Abel hakuwa miongoni mwao. Alifundishwa, akawasha na kuzima mbele yake hadi akachoka. Na kwa sababu zawadi ilikuwa ya kukabidhiwa nyumbani siku mama akitoka, Khairunisa alimwambia akiweke kimefungwa, kigurudumu kwenye sifuri, asimalize betri. Ndipo akamdondoshea tone la rangi ya kucha kwenye sifuri, asisahau.

Justa aliomba kiti. Alikirudisha kigurudumu kwenye sifuri, akakitia kidude mkobani, akautikisa mkoba. Sifuri. Akakiangusha juu ya gunia la mchele, mara tatu. Kifuniko kilibaki kimefungwa na kigurudumu hakikusogea. Kilikuwa kigumu. Kutoka sifuri hadi tano kulihitaji kusukuma kwa dole gumba, moja, mbili, tatu. Alirudia mara kumi na kuandika matokeo, na Khairunisa akatia sahihi kama shahidi.

Alipokuwa akiondoka binti aliuliza kama yule mama ameipenda zawadi. Justa alimjibu kwamba bado hajakabidhiwa.

* * *

Njia nzima ya kurudi, matope yakifika kwenye mlango, Gregory alishikilia kwamba ni mwizi. Aliingia, akachukua nguo, akazungusha kile kidude, akakiona kibovu, akakitupa mtungini. Basi. Justa alimwacha aendeshe kilomita kadhaa kabla ya kumjibu.

Kuanzia Jumatano hadi Jumapili jioni Abel alilala na kidude chumbani na hapakusikika neno, kwa sababu kilikuwa kimefungwa, sauti sifuri. Jumatatu saa kumi na mbili kilisema kwa nguvu zote. Katikati ya hapo mkono wa mtu ulikifungua na kusukuma kigurudumu mara tatu. Si mkono wa Abel, yeye alijua cha kuwasha ni kipi. Si wa Mageni, hajawahi kumiliki redio katika maisha yake. Ni mkono uliozoea redio. Na mkono huo ndio uliobeba nguo.

"Sasa si mwizi huyo, afande?"

"Marselino aliuona mfuko begani mwa Abel saa sita mchana. Kama kweli aliuona, mwizi wako aliiba nguo zipi?"

Gregory alibadili gia, akaendesha mpaka kwenye magogo.

* * *

Marselino aliingia kituoni Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni, amevua kofia, viatu kavigongagonga mlangoni kutoa udongo. Nje watu wa Maganga walikuwa wameanza kukusanyika, wengine na fimbo. Alisikitika kwa ajili ya bikizee. Alishampelekea Mama Abel debe la unga. Alirudia maelezo yake bila kukosea saa wala neno, na alipoulizwa kuhusu nyumba ya Mageni, alisema hajawahi kuingia humo hata siku moja.

Justa aliweka kidude mezani, kimefungwa, kigurudumu kwenye sifuri. Alimwuliza kama amewahi kukiona. Hapana. Akamwambia kwamba anasikia yeye ni mjuzi wa redio kuliko wote pale machimboni, hebu amsaidie kukiwasha.

Marselino alikifungua. Dole gumba lilikwenda ubavuni lenyewe, likasukuma, moja, mbili, tatu. Akainamisha kichwa kidogo, akingoja. Kisha akakirudisha mezani kikiwa wazi.

"Betri zimekufa."

Justa alimwambia kwamba si vibaya, hata Gregory alitaka kufanya hivyo hivyo, na karibu kila mtu pale nje angefanya. Mtu hafungwi kwa sababu ya dole gumba. "Ila aliyekizungusha Jumatatu ile alikizungusha kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana saa kumi na mbili kilisema. Alikuja kuzoa nguo za Abel. Wewe duara lako unasema lilianguka saa moja. Nani alijua mapema namna ile kwamba Abel hatarudi kuchukua blanketi lake?"

Marselino alisema labda mwizi.

"Mfuko ulikuwa begani kwake. Umeniapia mara mbili."

Marselino alikuwa akitazama mlango. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa amehamisha kibanda chake ng'ambo ya pili ya machimbo, na habari za sauti alizisikia kwa watu tu. Saa ya ukutani ya kituo ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakuna aliyejua dakika yenyewe. Kidude kilisema katikati ya meza, karibu na vidole vyake.

"Mayu, mimi hapa, Abel. Usilale bado. Fanya lile uliloambiwa. Mimi nakungoja."

Nje watu walinyamaza wote. Marselino aliondoa mkono mezani, akauweka kwapani kama aliyeungua.

Justa alimngoja, kalamu juu ya karatasi. Alipoanza, alisema yote kwa mfululizo. Ilikuwa saa nane mchana. Matimba ya kuzuia ukuta yalikuwa yamelegea kwa maji, Abel alishuka kuyakaza, ukuta ukamfuata. Udongo ulikuwa bado unatembea. Angeingiza wengine wanne, wangekufa wanne. Na afisa wa madini angekuja, angefunga maduara yote, na pale kulikuwa na watu arobaini wanaokula kwa hayo maduara. Wachimbaji wengine siku hiyo walikuwa duara la mbali. Akafikiri: kijana aliondoka tu, vijana huondoka kila siku. Akaenda kuchukua mfuko mwenyewe kabla bikizee hajarudi shamba. Kile kidude alidhani ni kikokotoo kibovu, akakitupa mtungini.

"Alikufa papo hapo?"

Marselino alitazama sakafu. "Aligonga," akasema. "Kwenye timba, kwa nyundo. Mpaka Jumanne asubuhi."

Kalamu ilisimama. Kisha Justa akaandika, na saa zake, akamsomea, akampa asaini. Gregory alimfunga pingu bila kumwangalia usoni.

* * *

Maganga alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama, na kwa habari ya Marselino hakubisha. Lakini shauri la msukule lilikuwa jambo lingine. Lilifunguliwa na mama mzazi, kwa kinywa chake, mbele ya sungusungu, na polisi pia wakalipokea kwenye karatasi. Mzazi mwenyewe asipoliondoa, lipo, na yeye hana mamlaka ya kuwaambia watu waende nyumbani. Akatuma Asteria aitwe.

Asteria alikuwa mwanamke mwembamba, anayekohoa kwa kugeukia pembeni. Waliketi ndani, yeye, Justa, na Mageni kwenye benchi lake, Maganga kwenye mlango. Justa alimsomea maelezo ya Marselino polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Mstari wa kugonga hakuusoma. Halafu akachukua kidude akamwonyesha. Alibonyeza, Abel akaanza kusema. Alikikunja, sauti ikawa ndogo, ya ndani ya kiganja. Alikikunjua, ikarudi. Akashusha kigurudumu ili aone kwamba ni mashine tu, na sauti ikafa katikati ya neno. Asteria alimkamata kifundo cha mkono, akakiachia tu kigurudumu kiliporudi juu.

Justa alimweleza lile aliloambiwa ni lipi. Vidonge, kila jioni.

Mama aliuliza duara lina kina gani, na Justa akamwambia mita arobaini, na kwamba maji yameshajaa juu ya udongo. Pampu ingeombwa Geita. Siku hakuweza kumwahidi.

"Afande," Asteria akasema, "kwenye ile nyumba alikuwa hai."

Karatasi ya kuondoa shauri ilikuwa tayari mezani, na kibati cha wino pembeni yake. Nje kulikuwa na mwanga wa mwisho, na watu walikuwa wengi kuliko mchana. Justa alieleza kwamba dole gumba moja linatosha. Asteria alilichovya wino, akalishikilia hewani.

Mageni aliteleza kwenye benchi mpaka akawa karibu naye.

"Mama Abel, usiweke," akasema. "Kama mimi ni mchawi, mwanao yupo. Mimi nimeshazeeka. Acha niwe."

Maganga aligeuza uso, akatazama nje.

Asteria alimwangalia bikizee kwa muda, jinsi mtu anavyomwangalia aliyempokea mzigo njiani bila kuombwa. Kisha akaliweka dole kwenye karatasi, akalikandamiza, akaliacha pale hata Gregory akakohoa. Alipoliinua hakulifuta. Alimwuliza Mageni kama kile chumba cha mwanawe bado kina mkeka, maana angehitaji mahali pa kulala hadi watakapomtoa duarani.

Mageni akajibu kwamba upo. Wakatoka pamoja, na Maganga akawatangulia akiwaambia watu wapishe njia.